Majina ya Mvua na Mavuno: Tusome Maana, Si Kabila

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'aa gizani. Hawakutuambia, hata hivyo, tufanye nini na jina ambalo mwenyewe halijui maana yake. Humu nchini, mtu anapojitambulisha mbele ya wageni, jina lake husikilizwa kwa sikio moja tu, nalo ni sikio la kutaka kujua ametoka wapi. Akisema Wafula, msikilizaji humpeleka moyoni mwake hadi Bungoma. Akisema Okoth, humpeleka ziwani. Akisema Kiprop, humpandisha Bonde la Ufa. Akisema Nyambura, humweka Kati. Akisema Wambua, humshusha Ukambani. Mazungumzo huishia hapo. Ni wachache mno wanaotambua kwamba watu hao watano wametaja kitu kimoja, nacho ni mvua.

Mimi ni mhadhiri wa isimu, na kwa miaka mingi majina ya watu yamekuwa sehemu ya kazi yangu. Katika makala haya ningependa kuwaonyesha walimu wenzangu na wanafunzi wetu kwamba majina tuliyoyarithi kutokana na mvua, jua, mavuno na mifugo si mapambo, wala si vibandiko vya kabila. Ni maarifa. Yana sarufi yake na yana kalenda yake. Tukiacha kuyasoma hivyo, tutabaki kuyasoma kwa namna moja tu, na namna hiyo imekwisha kutugharimu vikubwa.

Nianzie kwetu Bungoma, chini ya Mlima Elgon, kwa sababu ndiko ninakokujua bila ya kusimuliwa. Wabukusu wana jozi za majina ambazo tofauti yake ni kiambishi tu: aghalabu *Wa-* kwa mvulana na *Na-* kwa msichana. Wafula na Nafula ni waliozaliwa wakati wa mvua. Wanyonyi na Nanyonyi ni wa wakati wa palizi. Wanjala na Nanjala ni wa wakati wa njaa. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno. Aliyezaliwa kiangazi ni Simiyu, na dada yake ni Nasimiyu. Nzige walipovamia mashamba, alizaliwa Wasike au Nasike.

Hebu msomaji apange majina hayo kwa utaratibu wa mwaka. Simiyu hutangulia, kwa kuwa Disemba hadi Februari ni miezi mikavu. Machi mvua huanza, naye Wafula huzaliwa. Mimea ikichipuka pamoja na magugu, huja Wanyonyi. Kisha huja Wanjala, na mwisho Wekesa. Mtu asiyelima angedhani kwamba njaa ni mtoto wa kiangazi, wakati ardhi imepasuka na majani yamekauka. Mkulima anajua kuwa sivyo. Wakati wa kiangazi ghala bado lina akiba ya mavuno yaliyopita, iwe wimbi kama ilivyokuwa zamani au mahindi kama ilivyo leo. Njaa hubisha hodi baadaye, mvua ikinyesha, shamba likiwa la kijani na mahindi yakiwa yamefika kiunoni, lakini ghala likiwa halina kitu. Mgeni anayepita barabarani husifu rutuba ya nchi, kumbe mama mwenye shamba hana unga wa jioni. Wataalamu wa kilimo hukiita kipindi hicho msimu wa njaa kabla ya mavuno. Wazee wetu walikiita Wanjala, na wakampa mtoto alibebe jina hilo ili lisisahaulike.

Tukihamia kwa Wajaluo, tunakuta kwamba kinachohesabiwa zaidi ni saa. Kiambishi *O-* humtambulisha mvulana na *A-* msichana. Omondi na Amondi walizaliwa alfajiri. Okinyi na Akinyi asubuhi. Onyango na Anyango jua likipanda kabla ya adhuhuri. Ochieng' na Achieng' jua likiwa juu. Odhiambo na Adhiambo jioni. Otieno na Atieno usiku. Mipaka ya saa hizo huenda ikatofautiana kidogo kutoka eneo moja hadi jingine, lakini mpangilio ni mmoja. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth au Akoth, na kiini cha jina hilo ni *koth*, yaani mvua.

Wakalenjin nao wana *Kip-* au *Ki-* kwa wavulana, na *Chep-*, *Che-* au *Je-* kwa wasichana. Kiprop na Cherop ni wa mvua. Kibet na Chebet ni wa mchana. Kipkoech na Chepkoech ni wa kupambazuka. Kiplagat na Chelagat ni wa magharibi, jua likisha kutua. Lakini wafugaji hawakutazama jua peke yake. Kiprono na Cherono walizaliwa mbuzi na kondoo wakirudi zizini, ilhali Kiprotich na Cherotich walizaliwa ng'ombe wakirejeshwa nyumbani. Mifugo ilikuwa saa ya ukutani. Rais wa pili wa nchi hii, Daniel Toroitich arap Moi, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2020, alilibeba jina la kuwalaki ng'ombe wanaporudi boma. Na mwaka 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, Beatrice Chebet aliposhinda nishani za dhahabu katika mbio za mita 5,000 na mita 10,000, ulimwengu mzima ulilitamka jina la mchana mara mbili, wala watangazaji hawakujua walilolisema.

Sasa nirejee kwenye mvua, kwa maana hapo isimu ina jambo la kutuambia. Kiswahili husema *mvua*, Kikamba *mbua*, Kikuyu *mbura*, na Kibukusu *efula*. Kwa sikio la kawaida hayo ni maneno manne. Kwa mwanaisimu ni neno moja. Lugha za Kibantu zimetokana na lugha mama moja, na katika safari ndefu ya kutengana, sauti zilibadilika kwa utaratibu unaoweza kufuatiliwa: Kiswahili na Kikamba viliiacha konsonanti ya silabi ya mwisho, Kikuyu kikaihifadhi kama *r*, Kibukusu kama *l*. Maana yake ni kwamba Wambua, Nyambura na Wafula, ambao leo wanahesabiwa kuwa wa makabila matatu mbalimbali, wanaitwa kwa neno lililorithiwa kutoka kwa mababu wamoja. Okoth na Kiprop wamo katika jamii nyingine ya lugha, ile ya Kiniloti, kwa hivyo mizizi yao ni tofauti. Lakini fikira ni ile ile. Hata nje ya mpaka, Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage, na Kambarage ni jina la mzimu wa mvua miongoni mwa Wazanaki.

Hapa lazima nitoe tahadhari, maana wapo wanaokimbilia kuyafasiri majina kama wapiga ramli. Si kila Wafula aliyezaliwa wakati wa mvua. Jina laweza kumfikia mtoto kwa njia tatu. Ya kwanza ni ushahidi: waliokuwepo walisema walichokiona siku ile. Ya pili ni urithi: mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia. Ya tatu ni matarajio: mzazi huchagua jina kwa uzuri wake au kwa lile analomtakia mwanawe. Wakikuyu, kwa mfano, hufuata zaidi njia ya pili. Kifungua mimba wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na wa kike kwa jina la nyanya mzaa baba. Wanaofuata huwapokea wazazi wa mama. Ndiyo maana Nyambura wa leo huenda alizaliwa kiangazi. Hali kadhalika Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, hakuitwa kwa chui kwa kuwa chui alipita karibu na nyumba yao. Wangari, jina lenye neno *ngari*, yaani chui, ni mojawapo ya majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi, na limeshuka kutoka kizazi hadi kizazi.

Tofauti hiyo kati ya ushahidi na urithi yaweza kuonekana ndogo, lakini kuna wakati huwa ndiyo kila kitu. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa kike alinijia ofisini akitaka kujua utaratibu wa kulifuta jina la Nanjala kutoka kwenye vyeti vyake. Wenzake bwenini walikuwa wakimwita "Njaa", na kila sahani ya chakula ilipopakuliwa, kulikuwa na kicheko. Nilimweleza kwamba kisheria jambo hilo linawezekana, kwamba huandikwa hati na tangazo likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kisha nikamwomba jambo moja: kabla ya kulitupa, akaulize ni njaa gani. Aliporudi baada ya likizo alikuwa na jibu. Yeye mwenyewe alizaliwa mwezi wa Oktoba, mahindi yakiwa tele. Nanjala wa kwanza alikuwa nyanya yake, aliyezaliwa katika msimu ambao kabla ya mavuno watu wa nyumba hiyo waliishi kwa mboga za porini, na akapona. Jina lile kwa nyanya lilikuwa ushahidi. Kwa mjukuu lilikuwa urithi wa mtu aliyeishinda njaa. Hakulifuta. Nadhani wenzake hawakuacha kucheka siku ile ile, lakini yeye alikuwa na la kuwajibu.

Msomaji atauliza: majina haya yalinyamaza lini? Yalianza kunyamaza yalipoandikwa kwenye karatasi. Zamani mtu alikuwa na majina yake mwenyewe, na jina la baba lilitajwa pale tu ilipohitajika kumtofautisha na mwingine. Sheria ya kuwasajili wenyeji ya mwaka 1915, ambayo ilianza kutekelezwa kwa ukamilifu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 kubeba kipande chenye jina lake na alama za vidole vyake. Karani wa serikali, mwalimu wa misheni na mwajiri shambani, wote walitaka jina lisilobadilika. Taratibu, jina la baba likageuka kuwa jina la ukoo kwa mtindo wa Kizungu. Matokeo yake tunayaona katika orodha za madarasa: msichana aitwaye Mercy Wafula, mwingine Faith Kiprop, mwingine Brenda Onyango. Kwa sarufi ya lugha husika, tumewaita wasichana hao wavulana. Kiambishi kilichokuwa kikisema "huyu ni mwana wa kike" kimekufa ganzi. Silaumu familia zinazofanya hivyo. Mtindo huo umekwisha kuwa desturi. Nasema tu kwamba jina likikoma kufuata sarufi yake, mwenyewe huhitaji kufundishwa kile ambacho zamani alikisikia tu.

Wapo wanafalsafa watakaonikosoa. Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alishikilia kwamba jina la pekee humtaja mtu au mahali bila ya kumweleza. Alitoa mfano wa mji wa Dartmouth, ulioitwa hivyo kwa kuwa upo kwenye mlango wa mto Dart. Mto ukihama, alisema, mji hautapoteza jina lake. Mimi nakubaliana naye kuhusu matumizi. Wekesa hahitaji kubeba mahindi mkononi ili aitwe Wekesa. Hata hivyo, Mill alikuwa akieleza jinsi jina linavyofanya kazi likisha kutolewa, wala hakuwa akieleza kwa nini lilitolewa. Jina Dartmouth lingali linatuambia mto ulipokuwa. Vivyo hivyo, majina yetu yangali yanatuambia mvua ilikuwa wapi na lini, ikiwa tupo wa kuyauliza.

Siku hizi wazazi wengi wachanga wanapendelea majina ya maumbile kutoka ng'ambo. Shule za chekechea zimejaa akina Ivy, Hazel, Daisy na Heather. Sina ugomvi na mzazi yeyote. Matarajio ni njia halali ya kumpa mtoto jina. Ila najiuliza ni wangapi kati yetu wamepata kuuona mti wa hazel, unaozaa njugu kule Ulaya, au kichaka cha heather kinachofunika nyika za Uskoti kwa maua yake ya zambarau. Wala ugeni wa neno si hoja. Waswahili wa pwani wana Asumini, jina lililotoka Uajemi likapitia Uarabuni, na leo ni letu kwa sababu ua lenyewe limepandwa nyuani na kusukwa vikuba. Wana Marijani, ambayo ni matumbawe ya baharini, na bahari wanaiona kila siku. Wana Zuhura, sayari ing'aayo alfajiri na jioni, iliyojulikana vyema na mabaharia. Neno lilikuja na kitu chake, au lilikikuta kitu hapa. Jina la Hazel limekuja peke yake. Linalonisikitisha ni mzazi kuona haya kumwita mwanawe Nekesa kwa kudhani ni la kishamba, kisha akalipa sifa jina la kichaka cha mashamba ya watu wengine.

Nimesema hapo awali kwamba kuyasoma majina kwa namna moja tu kumetugharimu. Nafafanua. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, magenge ya vijana yaliweka vizuizi barabarani, wakawashusha abiria na kudai vitambulisho. Hawakuwa wakitafuta umri wala mahali pa kuzaliwa. Walikuwa wakitafuta jina. Katika wiki chache, watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha nchini. Fikiria jambo hilo: jina ambalo bibi alimpa mtoto kwa furaha ya mvua iliyonyesha lilisomwa kizuizini, na kile kilichosomwa hakikuwa mvua. Sidai kwamba somo la isimu lingezuia maafa hayo. Yalikuwa na mizizi katika siasa na ardhi. Nadai kwamba taifa ambalo vijana wake wamefundishwa tangu utotoni kulisikia jina kama kabila pekee limekwisha kuifanya nusu ya kazi ya wachochezi.

Shuleni ndipo pa kuanzia, nayo haihitaji vitabu vipya wala fedha. Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha viambishi, aandike ubaoni Wafula na Nafula, Okoth na Akoth, Kiprop na Cherop, kisha awaulize wanafunzi wautafute mzizi. Watauelewa mofimu upesi kuliko kwa mifano ya vitabuni. Mwalimu wa jiografia awaagize waulize nyumbani majina ya misimu, na wayapange kwa miezi. Mwalimu wa fasihi anayefundisha shairi la Marjorie Oludhe Macgoye kuhusu mtumishi Atieno asiache kueleza kwamba msichana yule ameitwa kwa usiku. Na kila mwalimu anayeita orodha asubuhi ajitahidi kulitamka jina la kila mtoto kama linavyotamkwa kwao, na ng' ya Ochieng' isigeuzwe kuwa n tupu.

Zoezi hilo lifanywe kwa staha. Kuna majina yanayotaja msiba, na hakuna mtoto anayepaswa kulazimishwa kuueleza mbele ya wenzake. Wapo pia wasio na wa kumuuliza. Hao wapewe nafasi ya kuchunguza jina la mto au kijiji.

Tena kuna haraka. Kati ya mwaka 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi, na masika ya mwaka 2024 yakaleta mafuriko. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2019, nzige walirudi kwa wingi ambao vizazi viwili havikuwa vimeuona, huku babu zetu waliwahi kuwaona kati ya miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930. Kalenda iliyomo katika majina yetu ilitungwa na watu waliojua mvua inakuja lini, na sasa mvua yenyewe haiji kwa wakati wake. Kumbukumbu ya jinsi mambo yalivyokuwa itahitajika, na sehemu yake imo vinywani mwa nyanya wenye miaka 80 na zaidi. Mwanafunzi aendaye nyumbani likizo hii na achukue kalamu na daftari, amwamkie nyanya yake, kisha amuulize aliitwa hivyo kwa nini, na siku ile kulikuwaje.